Mstari wa Thelathini na Sita

Mzee Iosua Mocuța alikuwa na miaka sabini na tisa alipogundua kwamba Biblia inaweza kumgeuka mtu. Hapo kabla aliamini ni binadamu tu wanaogeuka.

Biblia iliyomgeuka ilikuwa mpya, ya jalada la bluu. Ililetwa wakati wa Krismasi, moja kwa kila nyumba ya Wabatisti wa kijiji chetu, zawadi ya ndugu wa mjini. Iosua aliipokea kwa adabu, akashukuru, akaiweka juu ya kabati, akaisahau. Ya nini? Alikuwa na yake. Hiyo yake ilikuwa nyeusi, mgongo wake umeshonwa kwa uzi wa fundi viatu, na mwaka wa sabini na tatu, enzi za wakomunisti, aliificha ndani ya gunia la unga wa mahindi wakati wanaume wawili wa usalama wa taifa walipomweka kituoni siku mbili wakitaka kujua nani anawaletea vitabu watubuji, ndivyo watu wanavyotuita sisi Wabatisti. Walimpiga, hakusema. Walipekua nyumba, hawakutia mkono kwenye unga. Mtu akishateseka kwa ajili ya kitabu, hakipi tena nafasi ya kukosea. Iosua alikuwa hivyo.

Basi kwetu kuna desturi. Kila Jumapili saa tatu asubuhi, kabla ya ibada yenyewe, tuna saa ya Biblia. Wanaume hukaa kulia, wanawake kushoto na vitambaa vyao kichwani, na sura inasomwa mstari kwa mstari, kila mtu mmoja wake, kwa kufuata mabenchi. Zamu ikikufika, unasoma kilichokufika. Hatuchagui. Hata yale majina ya wazee wa Israeli yanayovunja ulimi tunayasoma moja moja. Sheria hiyo aliiweka Iosua mwenyewe alipokuwa mzee wa kanisa, na aliishika miaka thelathini na mmoja. Wakati mmoja dada mmoja aliomba aruhusiwe kuruka mstari fulani wa Walawi kwa aibu, na Iosua alimwambia mbele ya watu, "Dada, kama Bwana hakuona aibu kuusema, wewe ni nani?"

Majira hayo ya baridi tulikuwa tumefika barua ya kwanza kwa Wakorintho. Mchungaji Beniamin, kijana mpole mwenye masikio makubwa, alikuwa ameongeza jambo lake: wenye Biblia ya zamani wasome ya zamani, wenye mpya wasome mpya, kisha tulinganishe. Jumapili iliyokuwa inakuja ilikuwa zamu ya sura ya saba, nusu ya pili.

Jumanne Iosua aliishusha ile ya bluu kutoka kabatini ili ajiandae. Hakupenda kijana yeyote amwambie kitu asichokijua. Alivaa miwani, akaziweka Biblia mbili mezani bega kwa bega, akaanza mstari wa ishirini na tano, kidole kimoja huku, kidole kimoja kule. Alipofika wa thelathini na sita, vidole vikasimama.

Ile nyeusi ilisema alivyoijua siku zote: mtu akiona ni aibu kwa binti yake kupita umri wa kuolewa, na afanye atakavyo, waoane. Lakini aliyekaza moyo wake na kuamua kumtunza binti yake nyumbani, afanya vema. Amwozaye binti yake afanya vema, asiyemwoza afanya vema zaidi.

Ile ya bluu haikuwa na binti. Ilisema: mtu akiona hamtendei haki mchumba wake. Mchumba! Kijana na mchumba wake, wanaamua wenyewe, waoane au wangoje. Baba hakuwemo. Baba hakutajwa popote, si juu, si chini, si pembeni.

Iosua alisoma mara tatu. Kisha akatazama nyuma ya kitabu kuona kilipochapishwa, kana kwamba kosa lingekuwa la kiwanda. Kutoka jikoni alisikia Tabita akipiga unga wa tambi ubaoni. Tabita, bintiye, aliyekuwa na miaka hamsini.

Nieleze ilivyokuwa, kwa sababu bila hiyo mtu atadhani mzee alikuwa anahangaikia neno tu.

Vuli ya mwaka wa themanini na mbili, mkewe Iosua, Saveta, alipata kiharusi akalala upande mmoja. Tabita alikuwa na miaka ishirini na miwili. Wiki chache baadaye alikuja Viorel Brândaș, mpiga tarumbeta wa bendi ya kanisa, kijana wa shati moja na mdomo mzuri, ameandamana na baba na mama yake na mkate mtamu wa karanga uliofungwa kwenye kitambaa cheupe. Walikuja kuposa. Kwetu Wabatisti ndoa haifungwi mpaka baba wa msichana asimame kanisani atamke baraka. Pasipo hiyo, mchungaji hakugusi. Iosua aliwakaribisha, akawaketisha, akafungua Biblia nyeusi. Akasoma mistari mitatu. Akaifunga. "Nimekaza moyo," alisema.

Baba yake Viorel alikuwa mtu mwenye hofu ya Mungu. Alishika kofia yake. "Kama ni Neno, basi ni Neno," alisema, wakatoka, mkate wakauacha. Jumapili iliyofuata Iosua alilitangaza kanisani, na ndugu waliitikia amina kwa sauti nzito. Kuanzia hapo Tabita aliitwa dada aliyetengwa kwa ajili ya Bwana. Alimuuguza mama yake miaka tisa mpaka alipomzika. Kisha akabaki na baba yake. Viorel alimwoa Florica, wakazaa watoto wanne, na sasa alikuwa na upara na ndiye kiongozi wa bendi.

Huo ndio mzigo uliokuwa juu ya neno hilo moja. Kama ile nyeusi ilisema kweli, Iosua alitoa sadaka. Kama ya bluu ndiyo kweli, alimwibia mwanawe maisha yake na kumshukuru Mungu kwa wizi huo mbele ya kanisa zima.

Jumatano alivaa koti akavuka ua kwenda kwa jirani yake Etelka. Bibi Etelka ni Mhungari, wa kanisa la Reformu, Waprotestanti wa Kihungari, na ana Biblia ya Kihungari ya babu wa babu yake. Alimkuta anamenya viazi.

"Jirani, nisomee mstari."

"Mimi nikusomee wewe? Dunia imefika mwisho. Miaka arobaini unanisomea juu ya ua hata kama sitaki."

"Etelka, tafadhali. Wakorintho wa kwanza, saba, thelathini na sita. Usome kwa lugha yako, kisha uniambie ni nani huyo. Ni binti au ni mchumba?"

Etelka alifuta mikono, akafunua, akasoma midomo ikicheza. "Binti," alisema. "Binti yake, mwali. Kwa nini?"

Iosua alikaa kitini bila kukaribishwa. Kijasho chembamba kilimtoka ingawa nje theluji ilifika magotini. "Hakuna, jirani. Hakuna kitu. Mungu akubariki." Akamshika mkono akaubana. Etelka alimtazama, na mtu asimdhanie mjinga, maana alikuwa jirani mwaka ule wa themanini na mbili pia.

"Mbili kwa moja," Iosua alijiambia akirudi. Tangu lini Neno la Mungu likapigiwa kura? Angemsikia mtu mwingine akisema hivyo angemkemea. Lakini alishaingia kwenye kuhesabu, na anayeanza kuhesabu hutaka ya ziada. Alhamisi akaenda kwa padri wa Kiorthodoksi.

"Mtubuji amekuja kwa padri!" padri alipaza sauti mlangoni, tumbo likitikisika. "Leo theluji itashika moto. Umekuja kutubu kwa kweli, Iosua? Karibu, kuna pombe ya plamu."

"Sinywi, unajua sinywi."

"Najua. Ndiyo maana nakukaribisha kila mara, hainigharimu."

Iosua hakucheka. Alitaja mstari. Padri aliona uso wake, naye akaacha mzaha, akaishusha Biblia yake kubwa, akasoma polepole. "Mtu akidhani yatampata mambo ya aibu kwa sababu ya bikira wake."

"Bikira wake nani? Binti yake au mchumba wake?"

"Bikira wake. Basi."

"Lakini ni nani kwake?"

"Mtume hakusema, na kanisa langu halikumsemea." Padri alifunga kitabu. "Iosua, ni jambo la Tabita, sivyo?"

Iosua alisimama, akavaa kofia, akasahau kuaga. Kijijini hakuna siri yenye umri wa miaka ishirini na minane. Ni watu tu wanaokustahi, wananyamaza.

Siku hizo zote Tabita alimpikia, alimpimia dawa ya presha, alimsafishia njia ya theluji. Hakuuliza baba anakwenda wapi. Biblia mbili zilibaki mezani zimefunuliwa sura ile ile, na wakati wa kuandaa meza alizisogeza kwa uangalifu, zikiwa wazi hivyo hivyo, akazirudisha baada ya kula. Iosua alimtazama mikono. Hakuthubutu kumtazama uso.

Jumamosi asubuhi alikwenda kwa mchungaji Beniamin.

"Amani, ndugu Iosua! Mbona umekuja kwa miguu na barafu hii?"

"Amani. Ndugu mchungaji, kesho turuke hadi sura ya nane."

Beniamin alidhani hakusikia vizuri. "Turuke?"

"Ni sura ngumu. Vijana watacheka. Watu watabishana. Sura ya nane ni nzuri, inahusu vyakula."

"Ndugu Iosua." Mchungaji alishika masikio yake, ndiyo tabia yake akiwa na wasiwasi. "Nilipokuwa na miaka kumi na tatu zamu yangu iliangukia mstari wa tohara, nikalia. Wewe ulinisimamisha. Uliniambia, hatuchagui mistari, mistari ndiyo inatuchagua. Nimelihubiri neno lako hilo mpaka kwenye chuo cha Biblia. Sasa nitawaambia nini watu?"

Iosua alikuwa amefungwa kwa kamba aliyoisokota mwenyewe, na fundo alilifunga vizuri. Akauliza lile lililobaki. "Wewe umesoma Kigiriki. Kigiriki kinasema nini? Si tafsiri. Chenyewe."

"Kinasema bikira wake."

"Kama padri."

"Kama padri, ndiyo. Waliotafsiri zamani walielewa ni baba na binti. Wengi wa siku hizi wanaelewa ni kijana na mchumba wake. Pande zote wapo watu wenye elimu na wenye kumcha Mungu."

"Lakini ukweli ni upi?"

"Hakuna ajuaye kwa hakika, ndugu. Wakorintho walijua, maana ndio waliouliza. Walikufa nao."

"Na wewe? Wewe unaona nini?"

Beniamin alizaliwa miaka mitano baada ya ile posa. Alikuwa ameisikia kama watoto wote wa kanisa walivyoisikia, kama ushuhuda. Macho yalimjaa maji. "Mimi naona mchumba," alisema. "Nisamehe."

Iosua alirudi nyumbani akifuata alama za nyayo zake mwenyewe.

Jumapili alifika kanisani mapema kuliko aliyewasha jiko. Kama fungu lile haliwezi kurukwa, basi alisome yeye. Hiyo ndiyo iliyokuwa akili yake ya mwisho. Alikaa mahali pake pa siku zote, benchi la tatu, mwisho, karibu na njia, na alipokuwa ameketi alihesabu wanaume wakiingia wakikung'uta theluji. Usomaji huanzia mbele upande wa wanaume, unarudi nyuma hadi benchi la tatu, unavuka njia kwa wanawake wa benchi lile lile, kisha unapanda tena mbele. Ukianza na ishirini na tano, mwanaume wa kumi na mbili anasoma thelathini na sita. Waliingia kumi na mmoja. Yeye wa kumi na mbili. Alihesabu tena. Ndivyo. Angesoma ile nyeusi, mistari yote mitatu kwa pumzi moja kama wazee wanavyoruhusiwa fungu likiwa moja, angesema amina na kukaa. Wenye bluu wangelinganisha kimoyomoyo. Angalau bintiye asingelazimika kuyatamka.

Ng'ambo ya njia, mkono mmoja tu kutoka kwake, alikaa Tabita na kitambaa cha kijivu. Pembeni yake alikaa Florica, mke wa Viorel. Miaka yote wamekaa hivyo na kushirikiana kitabu kimoja cha nyimbo.

Mchungaji aliomba, wakaanza. Ndugu wa kwanza alisoma kwamba kuhusu mabikira Mtume hana amri ya Bwana, bali atoa shauri tu. Iosua alikuwa amesoma mstari huo mara ngapi maishani? Leo ndiyo kwanza aliusikia. Shauri tu. Wa pili, wa tatu, wa nne. Sauti za wakulima na watu wa reli, wanaokohoa, wanaofuata herufi kwa kidole. Wa nane alisoma kuhusu asiyeoa kujishughulisha na mambo ya Bwana.

Wa tisa alikuwa Viorel. Mstari uliomfika ulikuwa wa thelathini na tatu: bali mwenye mke hujishughulisha na mambo ya dunia, jinsi ya kumpendeza mkewe. Viorel alisimama, Biblia mkononi, akaufungua mdomo. Akautazama ukurasa mpaka chini, akaona kinachokuja. Upara wake ulishika wekundu. "Nitaangalia jiko," alisema, akaweka Biblia kwenye benchi, akatoka kwa mlango wa pembeni. Jiko lilikuwa mle mle ndani, linanguruma vizuri, na mlango ule unakwenda uani.

Hakuna aliyecheka. Ndugu aliyefuata alisubiri kidogo, kisha akasoma yeye wa thelathini na tatu, kwa sababu mstari hauachwi njiani. Iosua alielewa kwa kuchelewa kwamba hesabu yake imesogea, kama mtu aliyekwisha kukanyaga barafu. Wa thelathini na nne ukasomwa. Zamu yake ikafika, na aliyoitazamia haikuwa hiyo. Ilikuwa wa thelathini na tano.

Alisimama akishikilia benchi la mbele. "Haya nayasema kwa faida yenu," alisoma, "si kwamba niwatie kitanzi shingoni."

Hapo pumzi ikamkatika. Alitaka aendelee, amalizie, aunganishe na mitatu ya mbele kama alivyopanga, lakini maneno yaliyobaki aliyatoa kwa mnong'ono. Alipoinama kukohoa, ng'ambo ya njia kitambaa cha kijivu kilikuwa kimekwisha kusimama.

Tabita alikuwa ameshika Biblia ya bluu. Iosua aliiona waziwazi, jalada, utepe, kidole gumba chake chini ya mstari. Akasoma kwa sauti ya kawaida, ile anayoitumia kusoma karatasi ya dawa.

"Mtu akiona ni aibu kwa binti yake kupita umri wa kuolewa, na afanye atakavyo, hatendi dhambi, waoane."

Kurasa za Biblia za bluu zilichakarishwa ukumbi mzima. Watu walitafuta wapi dada amesoma. Mchungaji Beniamin alishika sikio. "Dada Tabita, samahani. Kitabu ulichoshika ni kipya. Hakisemi hivyo."

"Najua kinavyosema, ndugu," alisema Tabita. "Nimekisoma tangu Krismasi. Hivi ndivyo nilivyosomewa mimi." Akakaa.

Kisha Florica akasimama, mke wa Viorel, mama wa watoto wanne, akasoma wa thelathini na saba kutoka kitabu chake, kuhusu kijana aliyeamua kutomwoa mchumba wake, na sauti ilimtetemeka tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Alipokaa alimshika Tabita mkono. Tabita aliuacha ushikwe.

Mchungaji hakulinganisha chochote siku ile. Alisema tuimbe.

Walirudi nyumbani saa sita, baba ameshika mkono wa binti kwa sababu ya barafu. Tabita alipasha supu ya kuku, akatia tambi, akamwekea baba bakuli na kipande cha mkate, akaketi mbele yake. Iosua aliomba juu ya chakula, na ilikuwa sala fupi kuliko zote alizopata kuomba mezani.

"Tabita."

"Kula, baba, inapoa."

"Mchungaji anasema hakuna ajuaye. Hata Kigiriki chenyewe hakisemi. Kihungari kinasema binti." Alijisikia akisema, akajichukia, na bado akaendelea. "Pengine nilisoma sawa."

"Pengine," alisema Tabita.

"Na mama yako alikuwa kitandani. Nilifanya kwa ajili ya mama yako. Nani angemgeuza? Nani angemlisha?"

Tabita aliweka kijiko. "Begi langu lilikuwa chini ya kitanda cha mama," alisema. "Nguo mbili, viatu, na picha yenu ya harusi. Mama ndiye aliyeniambia nilifunge. Alisema kwa ule mdomo wake wa upande mmoja, nenda, mwanangu, huyo baba yako atapiga kelele wiki mbili kisha atazoea, na mimi Etelka atanigeuza, tumekwisha kuongea. Unadhani niliogopa kelele zako? Ningekushinda, baba. Ningekuwa na wewe peke yako mlangoni, ningekushinda. Lakini ulimsimamisha Mungu mlangoni. Mungu ningempita wapi?"

Iosua alishika ukingo wa meza. Saveta alijua. Etelka alijua, na Jumatano ile alimsomea mstari akijua anasoma nini. Miaka ishirini na minane amejificha nyuma ya mgonjwa, na mgonjwa mwenyewe alikuwa amefungasha begi.

"Hukuniambia."

"Ulikuwa umekaza moyo." Alisema bila hasira, na Iosua angetoa chochote apate kuona hasira. "Wiki nzima umezunguka kijiji. Umeuliza Kihungari, umemuuliza padri, umeuliza Kigiriki. Mimi nimekuwa hapa jikoni. Hujaniuliza mimi. Siku ile pia hukuniuliza."

Nje mtu alipita na beleshi la theluji begani, akainua kofia kuelekea dirishani. Hakuna aliyemjibu.

"Ulimtaka?" Iosua aliuliza. Sauti haikuwa yake.

"Nilimtaka, baba. Nilimtaka sana."

Mzee alilia. Hakujua kulia vizuri, hakuwa na mazoezi. Hata kituoni mwaka wa sabini na tatu hakulia. Tabita alimwacha alie. Alipotulia kidogo alinyosha mkono kuvuka meza, akasema, "Mwanangu, imeandikwa..."

"Usiseme." Kwa mara ya kwanza sauti ya Tabita ilipanda. "Baba, nakuomba. Usinisomee mstari wa kusamehe. Ukinisomea, itanibidi nisamehe, na sitajua kamwe kama ni mimi niliyesamehe. Niache. Labda nitaweza, labda sitaweza. Ila usinisomee."

Mistari ya kusamehe Iosua aliijua yote kwa moyo. Ile nyeusi, ya bluu, ya Etelka na ya padri, zote zinaisoma sawasawa, hakuna hata moja inayotofautiana na nyingine. Ilikuwa imejaa mdomoni mwake. Alifumba mdomo, akaimeza mmoja mmoja, na Tabita akavuta bakuli lake akaanza kula.